Kadi ya Picha na Kahawa Iliyo Mtini

Mwezi Februari mwaka huu shemeji yetu wa Kamachumu, wilayani Muleba, alitupigia simu saa nne ya usiku. Watu wa makamo hawapigiani simu saa hiyo ila kwa msiba, basi tukaipokea kwa hofu. Hapakuwa na msiba. Alitaka kutuuliza kama ni kweli kwamba kipo kipande cha kompyuta, chenye ukubwa wa tofali la kuchoma na feni mbili juu yake, ambacho bei yake yapita bei ya ng'ombe, na kama ni kweli kwamba mtu mwenye akili timamu aweza kuuza kahawa ikiwa bado mbichi mtini ili akinunue.

Mwenye kutaka kipande hicho ni mwanawe, mpwa wetu, kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye hutengeneza simu mjini Muleba na kupiga picha za harusi siku za Jumamosi. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi 1,150,000, fedha zake mwenyewe, za jasho. Orodha aliyoiandika ilihitaji shilingi 2,600,000. Pengo hilo alitaka lizibwe kwa butura.

Wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba hawana haja ya kuelezwa butura ni nini. Kwa wengine twasema kwa ufupi: ni kumwuzia mwenye fedha zao la kahawa likiwa lingali ua au tunda bichi, kwa bei aitakayo yeye, na kumkabidhi magunia wakati wa mavuno ukifika. Viongozi wameikemea mara nyingi, na wakulima wenyewe waichukia, walakini kila mwaka wapo wanaoikimbilia, kwa ada ya shule, kwa hospitali, kwa mazishi. Hatukuwa tumesikia bado mtu aliyeikimbilia kwa ajili ya kadi ya picha.

Tulimjibu shemeji kwamba asiuze hata tunda moja, na kwamba Jumamosi tutafika.

Twakiri hapa kwamba tulikwenda tukiwa tumekwisha kata shauri dhidi ya kijana. Sisi tulilelewa katika shule ambamo mchezo ulikuwa ni mpira uwanjani saa kumi, na baada ya kengele ni kitabu. Gemu twaliona kuwa ni kazi ya asiye na kazi. Lakini tulipoketi kibarazani na kumsikiliza, tuliona kwamba nusu ya hoja yake ilikuwa na uzito. Mashine ileile ichezayo gemu ndiyo ikatayo na kuunganisha filamu ya harusi kwa saa mbili, kazi ambayo kompyuta yake ya mkononi yaifanya usiku kucha na kuishia njiani. Tena mjini Muleba vijana hulipa kwa dakika kucheza mpira wa kompyuta, ule ulioitwa FIFA na ambao tangu mwaka 2023 huitwa EA Sports FC. Chombo kilitakiwa kiwe cha kazi mbili. Hatukuweza kumwita mvivu.

Nusu iliyobaki ya hoja yake ilikuwa mbovu, na ubovu wake haukuwa katika gemu bali katika namna ya kuchagua. Alikuwa ameinakili orodha yote kutoka kwa kijana wa Ulaya aliyemwona katika video. Kasha la kioo lenye taa za rangi, mtambo wa kupoza kwa maji, kadi ya picha kubwa, na mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi, aliandika "pawa saplai yoyote".

Neno hilo "yoyote" ndilo lililotufanya tuivue miwani.

Yafaa tueleze. Pawa saplai ni kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, volti 230, na kuugeuza uwe volti ndogo zinazoliwa na vipande vingine vyote. Kikiwa kibaya hakifi peke yake, huondoka na jirani zake. Na umeme wa kwetu twaujua. Kwa miaka mingi mkoa wa Kagera uliletewa umeme kutoka Uganda, kwa njia ya Masaka hadi Kyaka, tukiwa mbali na gridi ya taifa. Leo upo mtambo wa Rusumo wilayani Ngara, wa megawati 80, ambao Tanzania, Rwanda na Burundi twagawana, na hali si ile ya zamani. Lakini bado mvua zetu ni kubwa, karibu milimita 2,000 kwa mwaka pale Bukoba, na radi za ziwani hazina adabu. Umeme ukikatika hauharibu sana; hatari huwa pale unaporudi kwa kishindo. Sisi wenyewe tuliwahi kupoteza kompyuta ya mezani kwa njia hiyo, pamoja na makala za miezi minne ambazo hatukuwa tumeziweka mahali pengine, na tulipoifungua tulikuta kisanduku chake cha umeme chepesi kama kopo tupu.

Wepesi huo ndio dalili ya kwanza. Dalili ya pili imeandikwa ubavuni, nayo yataka hesabu ya darasa la tano. Mnunuzi asisome maandishi makubwa ya "wati 500". Atafute mstari wa volti 12, asome ni ampea ngapi, azidishe kwa 12. Tulimwonyesha mpwa wetu picha ya kisanduku alichokuwa amekichagua, kile kiuzwacho pamoja na kasha la bei poa. Mstari wa volti 12 ulikuwa na ampea 15. Kumi na tano mara kumi na mbili ni 180. Prosesa na kadi ya picha hula karibu umeme wao wote katika mstari huo huo, basi ile 500 ilikuwa ni pambo. Kijana alinyamaza. Baba yake, aliyekuwa akimenya ndizi na mkewe pembeni, alituomba turudie hesabu ile, akaifanya mwenyewe kwa kidole juu ya vumbi.

Kutoka hapo tukaianza orodha upya, kutoka ukutani kwenda ndani. Pawa saplai ya wati 550 kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, yenye alama ya 80 Plus, ambayo maana yake ni kwamba walau asilimia 80 ya umeme inaoupokea huufikisha kazini na usiobaki huwa joto. Kabla yake UPS, ili umeme ukikatika pawe na dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Hapa napo ipo mtego wa maandishi: UPS ya VA 650 haitoi wati 650, nyingi hutoa wati 360 hadi 390 tu. Kwa mashine yetu zatosha. Na radi ikianza kunguruma upande wa ziwa, plagi itoke ukutani, maana hakuna kifaa cha dukani kinachoshindana na radi.

Ndipo tukaja kwenye kupoza, na hapa tuliokoa fedha nyingi kwa dakika moja. Yule kijana wa video huenda akaishi katika chumba chenye joto la kiangazi kisicho na dirisha. Bukoba wastani wa joto ni kama nyuzi 21, na Kamachumu iko juu zaidi. Baridi hiyo ambayo mgeni wa kutoka Dar es Salaam huilalamikia ni feni ya bure tuliyopewa. Kwa prosesa ya wati 65, feni ile inayokuja nayo ndani ya boksi yatosha kabisa, na mtambo wa maji ukafutwa. Kasha la kioo nalo likafutwa, kwa sababu mbili. La kwanza ni kwamba kioo kitasafiri katika buti la basi kutoka Dar es Salaam, kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo. La pili alilisema dada yetu kutoka jikoni: mwezi wa Novemba, taa zile za rangi zikiwaka usiku na dirisha wazi, senene watajileta wenyewe mpaka ndani ya mashine. Alisema kwamba kwa upande wake hana pingamizi. Likachaguliwa kasha la bati, lenye matundu mbele na wavu wa kuzuia vumbi, kwa kuwa vumbi jekundu la Juni hadi Agosti halikosi kuingia.

Twaomba tutoke kidogo nje ya kibaraza hiki. Nchi yetu iliwahi kukosea katika jambo hili hili kwa kipimo kikubwa zaidi. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata shughuli ya kuzitia hesabu za Serikali katika mashine ilikwenda mrama na kuleta hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uagizaji wa kompyuta na vifaa vyake isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa polepole tu katika miaka iliyofuata. Wapo wanaoicheka leo, wakisema wazee waliogopa maendeleo. Sisi hatuwacheki. Mashine ikinunuliwa bila kujua itafanya kazi gani, nani ataitengeneza ikiharibika na umeme wake utatoka wapi, mwenye kushangilia ni muuzaji. Kosa lilikuwa ni kufunga mlango badala ya kujifunza kuchagua, na matokeo yake ni kwamba rika letu liliingia ukubwani likiwa halijagusa kibodi.

Turudi Kamachumu. Swali gumu lilikuwa ni kadi ya picha yenyewe. Hiyo ndiyo ichorayo kila kinachoonekana katika gemu, na ndiyo ilayo fedha kuliko vyote. Kijana alikuwa ameona kadi kuukuu ikitangazwa kwa bei ya kutupa. Tukamweleza historia yake. Katika mwaka 2021 kadi ziliadimika duniani kote, sehemu kwa sababu watu walizifungia magodauni wakizitumia kuchimba sarafu za mtandaoni. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum ikaacha njia ile ya uchimbaji, na kadi zilizokuwa zimekeshwa mchana na usiku zikamwagwa sokoni. Si zote ni mbovu. Nyingine zadumu miaka. Lakini mnunuzi aliye Muleba hawezi kuisikiliza feni iliyo Kariakoo kwa njia ya simu.

Tena upo udanganyifu mbaya kuliko uchakavu. Wapo watu ambao huchukua kadi ya kale kabisa, wakabadilisha programu iliyo ndani yake, wakabandika karatasi mpya, na kompyuta yenyewe ikisoma itasema kwa ujasiri kwamba hiyo ni GTX 1050 Ti. Ndani ni chembe ya miaka mingi nyuma. Dawa yake ni programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, ambayo tangu mwaka 2018 hutambua ulaghai wa namna hiyo na kuandika kwamba kadi ni bandia. Muuzaji akatae kuiendesha mbele ya macho yako, au ya ndugu yako uliyemtuma, basi umekwisha jibiwa. Na risiti idaiwe, ile ya mashine yenye jina la kifaa, si kikaratasi cha daftari chenye muhuri usemao mali ikishauzwa hairudishwi. Tume ya Ushindani ipo kwa ajili ya bidhaa bandia, lakini aendaye huko mikono mitupu hana la kuonyesha.

Mpwa wetu akauliza swali la haki: "Sasa mjomba, bila kadi nitachezaje?"

Jibu lilikuwa ni kuchagua prosesa yenye mchoraji wake ndani. Ryzen 5 5600G ya AMD, iliyotoka mwaka 2021, ina viini sita na uwezo wa kuchora picha bila kadi ya pembeni. Kwa mpira wa kompyuta, mipangilio ikishushwa, yacheza. Kwa filamu za harusi yapita mbali ile kompyuta yake ya mkononi. Hatukumficha kasoro yake. Ndugu yake Ryzen 5 5600 isiyo na herufi G ina kumbukumbu ya ndani mara mbili zaidi, megabaiti 32 dhidi ya 16, na siku kadi ya picha itakapokuja ile ingekwenda mbio kidogo kuliko hii. Lakini ile bila kadi ni kioo cheusi, na hii yaanza kazi siku ileile na kujitafutia fedha za kadi. Kati ya mbio za kesho na ugali wa leo, kijana mwenyewe ndiye aliyechagua.

Mchoraji huyo wa ndani hana kumbukumbu yake, huazima ile ya mashine, ambayo mafundi huiita ramu. Ndiyo maana tulisisitiza gigabaiti 16 zije kwa vijiti viwili vya nane nane wala si kijiti kimoja cha kumi na sita. Ukubwa ni uleule, ila viwili hupitisha mzigo kwa milango miwili, na kwa prosesa ya aina hii tofauti yaonekana kwa macho. Bahati mbaya ramu imepanda bei kote duniani tangu mwishoni mwa mwaka 2025, kwa kuwa viwanda vyageukia kuhudumia majumba makubwa ya akili bandia. Kijana wa Muleba alipishwa shilingi zaidi kwa sababu ya magodauni ya Marekani ambayo hatayaona maishani mwake. Tuliona uchungu huo na hatukuwa na dawa yake.

Kuhusu ubao mama, ambao vipande vyote huchomekwa juu yake, twataja jambo moja ambalo huwaumiza watu wa mbali na mji. Zipo mbao za B450 zilizokaa ghalani tangu kabla ya mwaka 2020. Prosesa hii huingia vizuri katika tundu lake, lakini ubao hauitambui mpaka programu yake ya kuwashia ibadilishwe, na mara nyingi kuibadilisha kwahitaji prosesa nyingine ya zamani. Kariakoo fundi ataiazima duka la pili. Muleba utaiazima wapi? Tukachagua B550, na hata hiyo tukamtuma binamu yake aliye Dar es Salaam asitoke dukani mpaka ameona prosesa, ramu na ubao vikiwaka pamoja mezani na kuandika jina sahihi kwenye kioo. Muuzaji alinung'unika, akafanya. Kampala ni karibu zaidi kuliko Dar es Salaam kwa mtu wa Bukoba, kupitia Mutukula, na wapo wanaonunua huko. Sisi tulipendelea duka ambalo binamu aweza kulirudia kwa daladala.

Wapo wasomaji watakaosema kwamba hata hizo laki kumi na moja hawana. Kwao ipo njia nyingine, na haina aibu: kompyuta za mezani zilizotumika katika ofisi za Ulaya, kama zile Dell OptiPlex, ambazo huuzwa kwa bei nafuu. Mtu aweza kuichomekea kadi ndogo isiyozidi wati 75, ambayo hupata umeme wake wote kutoka katika ubao bila waya wa ziada, kama vile GTX 1650 za aina hiyo. Aangalie mambo mawili. Kasha likiwa jembamba lataka kadi fupi. Na baadhi ya mashine hizo zina plagi ya umeme ya umbo lao wenyewe, kisanduku kikifa huwezi kuweka cha kawaida. Tena Windows 10 ilikoma kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kanuni yake haizikubali prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache. Kwa hiyo muulize muuzaji kizazi cha prosesa kabla ya kumwuliza bei.

Shemeji alikuwa na swali lake la mwisho, la LUKU. Tukapiga hesabu pale pale. Mashine hii pamoja na kioo chake, hata siku itakapopata kadi ya picha ya RX 6600 ya wati 132, italia karibu wati 270 ikiwa kazini. Saa nne kwa siku ni yuniti moja na kidogo, kwa mwezi kama 33. Nyumba ya matumizi madogo yapimwa kwa yuniti 75 kwa mwezi, basi karibu nusu ingekwenda kwenye gemu. Shemeji akasema gemu lisichezwe nyumbani kwake, lichezwe mjini ambako wanaolicheza ndio watakaolipa. Kijana akakubali haraka kuliko tulivyotazamia, na tukashuku kwamba ndivyo alivyotaka tangu mwanzo.

Vipande vilifika Muleba kwa basi Alhamisi ya wiki ya pili ya Machi, ramu na prosesa zikiwa katika mfuko wa shati wa abiria tunayemfahamu, vingine katika buti vimefungwa kwa blanketi. Viliunganishwa juu ya meza ya kukatia nguo ya fundi cherehani wa jirani. Mara ya kwanza mashine haikuwaka. Waya mmoja mnene wa prosesa, ule wa pembe ya juu ya ubao, ulikuwa haujasukumwa mpaka mwisho. Mara ya pili ikawaka. Baada ya kila kitu, pamoja na UPS, kijana alibakiwa na shilingi 85,000.

Nafasi ya kadi ya picha bado ni tupu, imefunikwa kwa kibati chake ili mende wasiingie. Harusi za baada ya Pasaka zimekwisha mpa kazi tatu. Kahawa ya Kamachumu ingali mtini, ya kijani, na mavuno huanza mwezi wa Mei.